Fundi Saa wa Triga ya Hatua Mbili

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Taratibu, alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 9 Mei 1949, akiwa mtoto wa pili na kitinda mimba wa baba seremala na mama mkunga.

Alianza shule Januari 1957 na kumaliza sekondari mwaka 1968. Mwalimu wake wa hesabu aliandika katika ripoti ya mwisho: "Hana haraka, wala hakosei."

Mwaka 1969 alifungua chumba cha kutengeneza saa, chenye upana wa mita tatu, jirani na posta. Hakukihama kwa miaka arobaini na sita.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mshonaji wa nguo aliyemletea saa iliyosimama. Mkewe alizoea kutuambia, "Huyu bwana hata mlango anaufunga kwa awamu mbili!"

Tabia hiyo aliipeleka pia kwenye klabu ya kulenga shabaha. Bunduki yake ilikuwa na triga ya hatua mbili: kidole huvuta kidogo, kikagota, na hapo mlengaji bado aweza kughairi; akivuta tena, risasi hutoka. Kaka yake, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alikuwa na triga ya namna hiyo hiyo, mpaka alipoibadilisha ikawa ya hatua moja, isiyogota popote.

Asubuhi ya fainali, tarehe 6 Agosti 1983, springi ya bunduki ya marehemu ilikatika. Kaka yake akamwazima yake, akasema, "Chukua, ni ile ile." Alikuwa amesahau kwamba alishaibadilisha. Marehemu alipovuta hatua ya kwanza, risasi ililima udongo. Watazamaji wakapiga kelele: "Taratibu, leo unawahi wapi?" Alikosa kombe kwa pointi mbili. Alisema tu, "Kidole changu kimekosea." Kaka yake aliona haya, akanyamaza.

Mwaka 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alhamisi, tarehe 10 Oktoba 2024, kaka yake alikaa kando ya kitanda chake hospitalini, akakiri yote.

Marehemu alimjibu, "Kaka, mimi ni fundi. Nilijua kabla mlio haujaisha. Wewe ndiye uliyegota miaka arobaini na moja. Nilikuwa nangoja tu uvute hatua ya pili."

Walicheka hata muuguzi akachungulia: "Wazee wangu, humu mna wagonjwa!"

Alifariki Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, maumivu yakiwa yametulia, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu watano, na kaka mmoja ambaye sasa analala usingizi mzima.

Apumzike kwa amani, taratibu, kama alivyozoea.