Bakuli la Bi Ardith Lisirudi Limejaa

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Kanisa la Grace, Harlan Grove, familia imemtuma Karla, mpwa wa marehemu, awasomee maisha ya Bi Ardith Lorraine Fenske, kama alivyoyasimulia mwenyewe akiwa kitandani, akionya, "Usinipambe, Karla, ukinipamba nitanyanyuka jenezani nikusahihishe."

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1931, shambani kwa wazazi wake, maili nne kutoka mjini hapa, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Emil na Bi Hulda Rademacher, akadekezwa peke yake kwa miaka miwili tu, kwani tarehe 20 Mei 1933 alizaliwa mdogo wake Verlys, na ndipo ulipomwingia wivu, ambao alikiri kuwa haukumtoka maisha yake yote, ila alijifunza kuuficha kwa kupika.

Alisoma shule za hapahapa, akamaliza sekondari Mei 1949 akiwa wa pili darasani, na jina la aliyekuwa wa kwanza hakulitamka tena mpaka anakufa. Alifanya kazi jikoni katika shule ya msingi tangu 1950 hadi 1993, na wengi mlioketi hapa mmekula chakula cha mkono wake. Tarehe 12 Juni 1953 alifunga ndoa na Milo Fenske, fundi wa matrekta, wakajaliwa mtoto mmoja, Dean, ambaye yuko nasi leo, na tarehe 2 Februari 1999 Milo akafariki, nyumba ikabaki na kiti kimoja tu kinachovutwa mezani.

Julai 2000 aliletwa kwetu Mchungaji Nathan Brandvold, naye kila Alhamisi adhuhuri alikula kwa Bi Ardith viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, katika lile bakuli la kioo lenye jina lake kwenye selotepu chini, kama akina mama wote wa kanisa hili wanavyoandika, ili bakuli lijue kurudi kwao. Miaka mitano ilipita hivyo, mpaka Agosti 2005, Russell Pike, mwalimu wa muziki, alipohamia nyumba ya mchungaji, na wiki hiyo Mchungaji akapiga simu, "Bi Ardith, Alhamisi hii unisamehe, Russell amepika."

"Amepika nini?"

"Supu ya dengu."

Marehemu alikata simu, akampigia Verlys, "Dengu! Miaka mitano namlisha kama mwanangu, leo ananiacha kwa dengu!"

Kwamba wale wawili wanapendana, kanisa zima lilijua na kunyamaza, marehemu pia alijua, wala halikumkera, lakini Alhamisi nane zilipopita kiti cha Mchungaji mezani kwake hakijavutwa, tarehe 14 Oktoba 2005 alimwandikia askofu kwamba mchungaji wetu anaishi na mwanamume kinyume cha kanuni, na kuhusu dengu hakuandika neno. Askofu akaitisha baraza la hukumu.

Barua iliposomwa kwenye mkutano wa waumini, na jina la Bi Ardith chini yake, mlimgeuzia mgongo, nanyi mnajua. Jumapili ya tarehe 8 Oktoba 2006, kwenye chakula cha pamoja, mabakuli yote yalikwanguliwa, lake likabaki halijaguswa, naye akiliangalia kupitia dirisha la jikoni, mpaka Mchungaji Nathan akaja, akapakua, akala, akarudi akapakua tena, akasema, "Nilikuwa na hamu na chakula hiki, Bi Ardith." Bi Ardith alilirudisha nyumbani likiwa karibu limejaa, akalia, na alisema kuwa hata moyo ule wa Mchungaji aliuonea wivu.

Kesi ilisikilizwa tarehe 14 Novemba 2006, mbele ya wachungaji kumi na watatu, nanyi mkaenda kwa mabasi mawili ya shule, Mzee Orville akaacha mahindi yake shambani, waliokosa nafasi ndani wakaimba nje kwenye baridi, na Bi Ardith, shahidi wa mashtaka, akawasikia na kuwaza kwamba yeye hakuna aliyewahi kumpandia basi. Alipoulizwa kama anajua mchungaji anaishi na nani, alijibu, "Najua tangu siku ya kwanza, na sikujali. Niliandika kwa wivu, kwa sababu aliacha kuja kula kwangu. Nirudishieni barua yangu."

Akaambiwa barua hairudi, kesi sasa ni ya kanisa. Kwa kura tisa dhidi ya nne, Nathan akavuliwa uchungaji.

Jumapili iliyofuata mlikaa saa nzima mkitazama mimbari tupu, Nathan akiwa benchi la tatu kama muumini yeyote, na Bi Ardith alipoingia hakuna aliyemsogelea wala kumpisha, ila Russell, ambaye hakutabasamu, lakini alisogea. Alhamisi iliyofuata marehemu akawapelekea bakuli, Jumamosi likarudi limeoshwa, ndani lina supu ya dengu, akaila yote, akasema imepungua chumvi, na mwendo ukawa huo miaka minane. Kila mwaka alimwandikia askofu akiomba Nathan arudishiwe uchungaji, barua nane, hakujibiwa hata moja.

Alianza kuugua moyo Machi 2013, Nathan akiendesha gari kumpeleka hospitali, Russell akimpikia huku akifokewa, na alifariki nyumbani, Alhamisi, tarehe 8 Januari 2015, saa sita mchana, wao wawili na Dean wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliozoa theluji mlangoni kwake, wafanyakazi wenzake wa jikoni, na Nathan na Russell, ambao marehemu aliagiza waketi leo benchi la familia.

Chini ukumbini kuna chakula, na bakuli la kioo lenye jina lake liko mezani, Russell ndiye aliyepika kilichomo, na agizo la mwisho la marehemu ni kwamba safari hii lisirudi na kitu.

Pumzika sasa, Bi Ardith, tunashuka kula.