Mpeni Chakula, Msimpe Ufunguo

Sogeeni, wanangu, nifunikeni miguu kisha mnisikilize, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema, si ya kubishana. Binti yangu, acha kwanza kulia. Utalia hata uchoke nikishakwenda.

Wakulima waliponichagua kwenye kamati ya kusimamia mbolea ya ruzuku, baba yenu mdogo alicheka akajishika mbavu. "Shemeji, wewe na mambo ya serikali wapi na wapi?" Yeye ndiye mtunza ghala, nami nikakabidhiwa ufunguo wa kufuli la pili, ili mlango usifunguliwe na mtu mmoja. Tangu tumzike baba yenu alikuwa na kinyongo nami kwa ajili ya shamba la mtoni, akidai mwanamke harithi udongo wa mumewe. Nikaendelea kulilima. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo ya ukoo haivuliki hovyo.

Siku ile, mchana kweupe, nililikuta lori la wakala wa pembejeo limerudishwa kinyumenyume hadi mlangoni, makuli wamevua mashati, tayari kuihamishia mbolea yetu dukani kwake. Baba yenu mdogo akanyoosha mkono. "Lete ufunguo, shemeji, usitutie aibu."

"Aibu mnayo tayari," nikamjibu. "Mimi nina ufunguo tu."

Wakala akacheka kutoka kwenye lori. "Mwanamume mzima unashindwa na mjane?"

Hapo ndipo aliponipiga nondo. Pigo la kwanza lilinivunja mkono, nikasikia mfupa ukialika kama kuni kavu. La pili likanipata mbavuni, nikala vumbi. Nikautia ufunguo mdomoni. Akanipigia goti kifuani, akapenyeza vidole kunipanua taya, nami nikamng'ata mpaka nikaonja damu yake. Kuli mmoja alishindwa kuvumilia, akakimbilia mashambani akipiga mayowe.

Watu wakaja na majembe, na mawe, na hasira ya misimu mingi ya kupanda bila mbolea. Wakala akawasha injini ya lori, akatoweka, akamwacha baba yenu mdogo, mtumishi wake, pale pale. Wakamshukia. Niliona meno yake yakidondoka, nikamsikia mtu akiitisha petroli. Nikatambaa, nikamlalia juu. Msije mkasema mazikoni kwamba nilimpenda, sikumpenda. Lakini maiti hamtaji aliyemtuma, na mimi sikutaka shamba letu lilimwe na watu wenye harufu ya nyama iliyoungua mikononi. Ndipo jiwe likanipata mgongoni, chini ya mbavu. Ni hilo linalonitoa damu mpaka sasa, si nondo.

Kifungua mimba wangu, inua uso. Nilikuona ukilirusha. Ulimkusudia yule aliyemvunja mama yako, likanifikia mimi. Polisi waliponiuliza niliwaambia umati hauna sura. Nayasema mbele ya wadogo zako ili asitokee kesho mmoja wenu, katika ugomvi wa mpaka, akalifukua jiwe hili na kukurushia. Nimelizika mimi. Atakayelifukua amenifukua mimi.

Baba yenu mdogo alipona, na kwa mdomo ule ule uliopasuka akamtaja wakala na bwana shamba aliyekuwa akimlinda. Wote watatu walitiwa pingu. Mbolea iligawiwa uwanjani, kila mtu akiona, nami nilipelekwa kwa mkokoteni nikashuhudia.

Sasa shikeni haya. Shamba la mtoni ni la binti yangu. Atakayempinga anipinge mimi. La mlimani mlime nyinyi wawili wa kiume, na nyumba hii ni ya kitinda mimba. Wakulima wakikuomba ushike ufunguo, binti yangu, usikatae. Na lile panga linalonolewa nyuma ya jiko, nalisikia, mwanangu, mimi sijawa kiziwi. Lirudi kwenye majani. Baba yenu mdogo akitoka gerezani akaja na njaa, mpeni chakula. Msimpe ufunguo.

Msinichekeshe... mbavu hizi.

Nizikeni kando ya baba yenu. Msingoje wakubwa na hotuba zao. Kifungua mimba... njoo karibu. Lete mkono. Siyo huo, ule wa kulia. Uweke hapa, kifuani. Mungu aubariki mkono huu... ulime, ulee... usiogope kuwashika watoto wako. Awabariki nyote... mshikane...

Mbona unauvuta, mwanangu? Uache. Uache hapo hapo.