Uvimbe Usio na Kibali

"Hebu funga dirisha, mwanangu. Upepo kama huu ndio ulionitia uvimbe kwenye kizazi," mama mmoja alimwambia msichana aliyeketi karibu naye kwenye tramu, hapa Belgrade. Ilikuwa Julai, na sote tulikuwa tumelowa jasho.

"Si upepo, mama," akajibu msichana. "Nafanya kazi maabara, uvimbe kama huo nauona kwenye hadubini. Seli zake zina vipokezi vingi vya homoni, na pembeni unajioteshea mishipa yake ya damu."

"Mjanja huyo! Kama shemeji yangu Radoje: kajenga bila kibali, na maji kajivutia!"

Tramu ikasimama hospitalini.

"Basi mjanja wangu leo wanambomolea," akasema mama, kwa heshima kabisa. Kisha akavua skafu, akamtupia msichana. "Kalia hii. Kiti cha baridi hicho, kitakuharibia kizazi."