Aliyebuni Kipimo

Kwenye basi la kwenda chuoni, kijana aliyekaa dirishani alikuwa akisoma karatasi kwa sauti ya chini kama mtu anayesali. Akamgeukia mama aliyekaa naye.

"Samahani, mama. Leo tunamaliza mafunzo ya kuanzisha kampuni, na tutazungumza mbele ya wawekezaji. Kila mmoja amepewa kifaa cha kunadi kilichobuniwa kwenye maabara ya chuo, na mimi nimepata kipimo cha pumzi za watoto njiti. Hebu nisikilize: 'Kampuni yetu imebuni kipimo...'"

Mama akaikazia macho ile karatasi. Alikuwa anakwenda maabara hiyohiyo kuchukua koti na miwani ya marehemu mumewe.

"Mmebuni nyinyi?" akauliza.

"Alibuni mzee mmoja, ameshafariki. Mwalimu anasema tusimtaje, wawekezaji hawapendi habari za misiba."

"Huyo ni mume wangu. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa njiti, akakata pumzi sisi tumelala. Tangu siku hiyo hakupumzika mpaka alipokimaliza kipimo hicho."

Kijana akaishusha karatasi. "Pole sana, mama. Lakini bila kampuni, kipimo kitabaki kabatini."

"Kiuze, mwanangu, sikukatazi. Ila usiseme mmebuni nyinyi."

Kijana akatoa kalamu, akaikata sentensi ya kwanza. Basi likasimama getini, naye bado anaitazama ile sentensi iliyokatwa, hajaandika nyingine.