Mama Yudesi na Beseni la Kasenyi

Ndugu waombolezaji, aliyemfundisha marehemu mama yetu Yudesi Biira kuona jambo moyoni kabla ya kulifanya ni Mama Kulusum, aliyeketi pale mbele kwa huzuni, na familia imeomba atajwe kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Bwesumbu, akasoma hadi darasa la saba, akaacha shule mwaka 1986 ili kuwasaidia wazazi kulima kahawa, na tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa kanisani Bwera na mzee Nobert Kathembo, wakajaliwa watoto wawili, Docus na Jonan.

Mwaka 2009 kahawa ilipokauka shambani, alianza kuchukua samaki aina ya ngege ufukweni Kasenyi na kuwauza sokoni Bwera, na ndipo jirani yake wa meza, Mama Kulusum, alipomwambia kwamba kila asubuhi afunge macho na kuiona siku yake ikienda vizuri. Yudesi akafunga macho, akaona beseni tupu, samaki wote wameuzwa, akafurahi, akaketi kulingoja, na kufikia alasiri samaki walikuwa wameanza kunuka na wateja wanapita wameziba pua.

"Wewe umekaa kama bibi harusi," Mama Kulusum akamcheka. "Nani alikwambia uone beseni tupu? Jione wewe, unasimama, unaita watu!"

Tangu siku hiyo aliiona njia kwanza, tangu mtumbwi unapofika ufukweni hadi mteja wa mwisho, kisha akainuka na kuipita, na kwa njia hiyo aliwasomesha watoto wake na kujenga nyumba hii ambamo tunamwaga machozi leo.

Mwaka 2022 alipata uvimbe kwenye titi, akauficha, na mzee Nobert alipougundua, mama alisema ameshajiona mzima na hataki maneno ya hospitali, hata chakula kikawa kinapoa mezani kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema neno. Asubuhi ya tarehe 3 Oktoba Jonan alileta gari mlangoni, akapiga honi, akapiga tena, na mama akabaki kitandani amefumba macho, huku Docus amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, asijue amwite nani.

Akamwita Mama Kulusum, naye akaja akamwinamia mama kitandani.

"Unaona nini humo ndani, mama Docus?"

"Nimepona. Niko Bwera, nacheka."

"Na kitanda ya hospitali, umeiona?"

Mama akageuza uso ukutani.

"Ni beseni ile ile, Yudesi. Umeruka barabara yote."

"Naogopa kisu, dada yangu."

"Basi sogea, tukione wote wawili."

Akaketi kando yake, wakafumba macho pamoja, Mama Kulusum akimtajia polepole lango, kitanda, daktari, kisu, uzi, na honi ilipolia mara ya tatu mama alijifunga kitenge, akatoka mwenyewe bila kushikwa mkono. Upasuaji ule ulitupatia karibu miaka mitatu zaidi, na katika miaka hiyo aliwapakata wajukuu wake wote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu bila kumficha ukweli, majirani waliochota maji na kuleta kuni, wachuuzi wenzake wa Kasenyi na Bwera waliofunga meza zao leo, na Mama Kulusum, ambaye kwetu si jirani tena.

Jumapili tarehe 8 Juni 2025, ugonjwa ukiwa umerudi, daktari alitwambia kwamba zimebaki dawa za maumivu tu. Docus alilia, kwa kuwa meza ya Bwera ilikuwa inamwangukia yeye, na sauti yake humkwama hata anapomsalimu mteja mmoja.

Asubuhi iliyofuata mama aliomba beseni lake, akalifuta kwa ncha ya kitenge, akaliweka magotini pa Docus.

"Funga macho. Usiniambie liko tupu. Unaona nini?"

Docus akajibu kwamba yuko Kasenyi, mitumbwi haijafika, na anasikia baridi.

Mama akacheka, kicheko chake cha mwisho tulichokisikia.

"Hapo hapo, mwanangu. Inaanzia hapo."

Saa tisa alasiri ya siku hiyo alifumba macho yake, naye hakuyafumbua tena. Mama Yudesi, njia yako umeipita yote, sasa pumzika kwa amani.