Mipira Ile Ile

Sogeeni, wanangu, na huo mlango urudishieni, maana sauti iliyobaki ni kidogo na sina ya kupigia kelele. Wewe kaka mtu kaa hapa. Wewe binti yangu nishike mkono, na mumeo mwache huko uani apakie mizigo, si anataka kuwarudisha wajukuu wangu nyumbani leo leo.

Habari za nyumba na gereji nilishazisema mbele ya shangazi yenu, sirudii. Nina la hilo gari jeupe analolipakia. Tangu lilipowashwa asubuhi nanusa petroli, nikisema mnaniambia, baba, hizo ni dawa, baba, pua ya mgonjwa hiyo. Hebu niondoleeni! Nimekula na kulala na harufu ya petroli maisha yangu yote, leo ndiyo nisiijue?

Kaka mtu, jana ulizifungua nozeli ukazisafisha, nikakusikia dirishani ukipiga mluzi. Kusafisha umesafisha, sikatai, gari lilikuwa linatetemeka na sasa limetulia. Ila sikukusikia ukimtuma mtu dukani. Ile mipira midogo ya duara inayoziba juu na chini ya kila nozeli, umerudisha ile ile. Usiniangalie hivyo. Umeiona mizima, ukaipangusa, ukairudisha. Mpira uliokaa kwenye joto la injini unakauka, mwanangu, ukishautoa haushiki tena. Nozeli kazi yake ni kurusha petroli ndani, laini kama mvuke, kwa presha kubwa, na mpira ukikataa, presha hiyo hiyo inaitoa nje juu ya chuma cha moto. Mwenzangu niliyeanzisha naye gereji, yule mliyemwita Baba Mdogo Bisibisi, ndivyo alivyotutoka, na mimi ndiye niliyemtambua kwa viatu.

Na dada yako alikuuliza kuhusu hiyo harufu, ukamwambia akaangalie sufuria zake. Tangu mazishi ya mama yenu mnanuniana, hamsikilizani hata kwa la maana. Inaniuma, nawaambieni. Inaniuma kuliko hiki kifua.

Sasa sikilizeni. Msikubali tangi likauke, maana uchafu wa chini ndio unaoziba nozeli, na filta ibadilisheni kabla gari halijaanza kukohoa. Ukifungua nozeli, toa presha kwanza, chomoa betri, weka mipira mipya na uipake oili kidogo isichanike. Halafu rudisha betri, ila usiwe na papara ya kuwasha. Fungua swichi tu, pampu isukume mafuta, kisha pitisha kitambaa kikavu chini ya kila nozeli. Kikilowa, gari halitoki, hata kama ni bibi harusi anayesubiri.

Ufunguo wa gari mnaoutafuta... msihangaike. Nimeulalia. Mgonjwa naye ana faida yake, hapekuliwi. Mtaupata mtakaponiinua, na kabla hamjanizika mipira iwe imebadilishwa, mkiwa wawili, mmoja akishika taa na mwingine akifunga. Huo ndio wosia wangu, hayo mengine ni vyombo tu.

Nimewaridhia wote. Mungu awatangulie, awape kuelewana, awalinde na... ngojeni kidogo, pumzi... awalinde na moto.

Nyamazeni.

Hiyo si starta? Ufunguo si huu hapa, unanichoma mgongo? Wa akiba? Umempa mumeo lini? Basi, usilie, hukujua. Wajukuu wangu wako wapi? Sema, mama. Wameshapanda?

Niachie mkono. Niachie, nimesema! Kaka mtu, mwambie azime, watoto washuke kwanza, na msimwage maji, chukueni mchanga, mchanga ule wa kando ya... Mnasimama nini? Mimi hata peke yangu nitakufa. Kimbieni, wanangu. Kimbieni.