Mchanga wa Katikati

Fundi cherehani alikaa dirishani na kikapu chake cha vitambaa, lakini masikio alishayahamishia kiti cha mbele, maana umbea wa garimoshi haukatiwi tiketi. Wastaafu wawili waliojuana asubuhi hiyo hiyo walikuwa wakitupiana lawama za vita.

"Jenerali wetu alisema nchi kavu ni yake," alisema aliyekuwa askari wa miguu. "Tukawabeba majeruhi mpaka mchanga mkavu unapoishia, tukaamriwa tuwalaze hapo."

"Na mkuu wetu alitukataza kushuka mashuani," akajibu aliyekuwa baharia. "Mngetuletea majini, bwana mkubwa."

"Mngeshuka nyinyi. Au mabaharia mnaogopa kulowa?"

"Hatua arobaini tu hadi mashuani, ndugu yangu. Mkakaa mnatutazama."

"Nanyi mkatutazama. Mpaka maji yakajaa, yakawafunika majeruhi."

Fundi akakivuta kikapu magotini. Mwanawe alipigwa risasi ya mguu tu katika vita hivyo hivyo. Kikapuni alikuwa na barua mbili za rambirambi: ya jeshi la nchi kavu ilisema kijana alifia eneo la wanamaji, ya wanamaji ikasema alifia eneo la nchi kavu. Miaka saba alidhani ni karani aliyekosea.

"Kaka zangu," akasema, "waliolala pale katikati walikuwa wa nani?"

Garimoshi likasimama kwenye kituo cha fundi. Wote wawili wakainuka kwa pamoja, kila mmoja akashika upande wake wa kikapu ili amteremshie.

"Acheni," akawaambia. "Hapo mlangoni hazifiki hatua kumi."